Jani la Sale na Adabu ya Mkristo

Imani ya Kikristo haikuletwa Kilimanjaro kwa watu wasiojua adabu. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame mwaka 1893 waliwakuta Wachagga wakiwa na taratibu zao za kuamkiana, kuwaheshimu wazee na kuwapatanisha waliokosana. Mtu aliyemkosea mwenzake alimpelekea jani la sale kuomba radhi, na kulikataa jani hilo lilikuwa jambo zito. Si kila mmisionari aliyeitambua hazina hiyo.

Aliyeithamini sana ni Mchungaji Bruno Gutmann, mzaliwa wa Dresden, aliyefika mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Kidia, Old Moshi. Alijifunza Kichagga, akawasikiliza wazee na kuandika mila zao. Kitabu chake kikubwa juu ya sheria za Wachagga kilichapishwa mwaka 1926. Kuwasikiliza wenyeji kwa staha ilikuwa sehemu ya mahubiri yake.

Gutmann aliona kwamba maisha ya Wachagga yalisimama juu ya ukoo, ujirani na rika. Alifundisha kuwa Injili huvitakasa vifungo hivyo. Vijana wa kipaimara waliunganishwa katika vikundi vidogo, kila mmoja awe ngao ya mwenzake, na majirani walihimizwa kubebeana mizigo. Hivyo utu wema haukuachwa uwe hisia ya moyoni tu. Ulipewa mahali pa kutendeka.

Mafundisho hayo yalipatana na Ulutheri. Katika kitabu chake cha mwaka 1520 juu ya uhuru wa Mkristo, Martin Luther alieleza kwamba matendo mema hayampatii mtu haki mbele za Mungu. Aliyekwisha kuhesabiwa haki kwa imani huyatenda kwa hiari, kwa faida ya jirani yake. Naye Mtume Paulo anautaja utu wema miongoni mwa matunda ya Roho.

Hata hivyo, njia ya Gutmann ilikuwa na upungufu wake. Wakosoaji wake walisema kwamba aliyatukuza mambo ya kale kupita kiasi na kuiogopa mno elimu ya kisasa, ambayo vijana wengi waliitamani. Zaidi ya hayo, wema unaojengwa juu ya ukoo waweza kukomea kwenye boma la ndugu. Kristo, katika mfano wa Msamaria, aliufikisha kwa mgeni pia.

Mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Kazi ikabaki mikononi mwa walimu na wazee wenyeji, nao wakaibeba kwa uaminifu. Gutmann aliporudi katika miaka ya 1920 hakulikuta Kanisa limekufa. Alitumika tena hadi alipoondoka mwaka 1938.

Usharika utimizapo miaka 100 huhesabu majengo, wachungaji na waliobatizwa. Hesabu hiyo ni halali. Lakini ipo nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya usharika: mgonjwa aliyepelekewa uji, mjane aliyelimiwa shamba, mgeni aliyekaribishwa bila kuulizwa kabila, na waliogombana wakapeana mkono kabla ya kuikaribia Meza ya Bwana. Wasioisoma Biblia huisoma hesabu hiyo kila siku, na kwayo hulipima Kanisa.