Miezi 18 bila nguo mpya

Haya jamani, nimerudi. Najua nimeadimika, ni wiki tatu sasa, lakini wale mnaosoma na mimi mnajua majaribio yalivyotutoa jasho. Leo Jumapili, saa nne usiku, wenzangu wawili wamelala, wa tatu anapiga pasi shati lake la kesho, nami nimekaa kulipa deni.

Deni lenyewe ni lile la kiapo. Wa chumbani kwetu wanalijua, wengine niwaeleze kidogo. Mwezi wa kwanza, siku chache baada ya bumu kuingia, tulifanya upuuzi wa kuhesabu nguo zetu. Mimi nilikuwa na jinzi tisa, blauzi niliacha kuhesabu, na hela ya kula ya siku kumi na mbili. Aibu tupu. Basi tukaapa: mwaka mzima hakuna kununua nguo mpya. Tukaandika kwenye karatasi, tukasaini wote wanne, tukaibandika nyuma ya mlango.

Wiki haikuisha tukagombana. Mwenzetu mmoja alirudi kutoka Karume na sketi. Tukamrukia. Yeye hana hata wasiwasi, anasema, "Hii si mpya, ni mtumba." Tukabaki tunatazamana. Kumbe tumeapa bila kufafanua! Wenzetu wa Ulaya wakiapa hivi wanamaanisha waache maduka ya nguo mpya waende kwenye mitumba. Sasa sisi je? Hapa mtu akikuambia "nimenunua nguo mpya", mara nyingi ameichagua kwenye lundo, kainama nusu saa jua la saa sita. Ikishatoka kwenye lundo ikaingia mwilini mwako ni mpya, basi. Ukiruhusu mtumba, kiapo chetu hewa, maana hakuna kati yetu aliyekuwa ananunua za dukani. Ukiukataza, ndio umeapa kweli.

Ugomvi huo nikaubeba mpaka likizo, nikaenda nao Kwimba kwa bibi. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Mwaka mmoja? Mjukuu wangu, sisi tuliambiwa miezi kumi na minane."

Hapo ndipo historia ninayoisoma ikaacha kuwa desa.

Miezi 18 anayoisema bibi ni ya Mwalimu Nyerere. Majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera Oktoba 1978, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Tulishinda, sawa, lakini vita ilikula kiasi cha dola milioni 500, na kabla ya hapo tulikuwa tumeshachubuka: mafuta yalipanda bei 1973, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na 1979 mafuta yakapanda tena. Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Ukiangalia ni kama karatasi yetu ya nyuma ya mlango, ila hii ilisainiwa na mtu mmoja kwa niaba ya nchi nzima. Miezi 18 ikaisha, mkanda haukufunguliwa. Bibi anasema walizoea mpaka wakawa hawaulizi tena.

Mtu atauliza, kwani nguo zilienda wapi? Si tulikuwa na viwanda? Tulikuwa navyo, tena vingi. Urafiki pale Ubungo ilifunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina. Mwanza kulikuwa na Mwatex, Musoma Mutex, Arusha Kiltex, na Dar tena kulikuwa na Sunguratex. Wazo lilikuwa zuri na mimi sitalicheka: pamba yetu, mashine zetu, nguo zetu. Tatizo mashine inataka vipuri, rangi inatoka nje, mafuta yanatoka nje, na vyote hivyo vinataka fedha za kigeni. Fedha za kigeni unazipata wapi? Unauza pamba. Kwa hiyo pamba ikawa inapanda meli kwenda kutafuta hela ya kuendesha kiwanda ambacho kingeshona hiyo hiyo pamba. Hela yenyewe ikifika ina kazi nyingine kumi zinazoisubiri. Mashine zikasimama moja moja.

Sasa sikieni hili. Babu yangu alikuwa mkulima wa pamba. Kila mwaka anapeleka magunia yake, anapimiwa, anarudi nyumbani. Na nyumbani binti zake wawili, yaani mama yangu na mama mkubwa, walikuwa na gauni moja la kutokea. Moja! Nyekundu, lina kola nyeupe. Jumapili mama mkubwa analivaa anakwenda misa ya kwanza, ikiisha anakimbia mpaka kwenye mwembe ulio njia panda, mama yuko pale amejifunga khanga ya bibi, wanabadilishana nyuma ya mti, mama naye anakwenda misa ya pili. Mama mkubwa ni mrefu, kwa hiyo mama alikuwa analikunja kiunoni analifunga na kamba ya katani. Mama anasimulia hili akicheka. Mama mkubwa hacheki.

Sabuni nayo haikuwepo, walifulia majani ya mpapai. (Nimejaribu, jamani. Povu linatoka kidogo, harufu sisemi.) Dukani kijijini mgawo ulikuwepo, ila hakuna aliyejua ni lini wala kwa kipimo gani. Ikisikika kitambaa kimefika, foleni inaanza usiku. Bibi anakumbuka alipanga foleni tangu alfajiri kwa ajili ya doti ya khanga, zamu yake ilipofika zikawa zimebaki ndoo. Akanunua ndoo. "Ungerudi mikono mitupu?" ananiuliza, kama vile mimi ndiye niliyepanga mgawo.

Mwenzangu wa chumbani, anayeandika insha yake juu ya Vita Kuu ya Pili, anasema hata Waingereza walipitia haya. Kweli. Juni 1941 serikali yao iliweka nguo kwenye mgawo, kila mtu kuponi 66 kwa mwaka, na gauni moja la sufu lilikula 11. Mgawo huo uliendelea mpaka Machi 1949, karibu miaka minne baada ya vita kwisha. Binti mfalme Elizabeth alipoolewa 1947 na yeye gauni lake lilikatiwa kuponi. Lakini mimi naona tofauti ni hiyo hiyo kuponi. Ukiwa nayo mkononi unajua haki yako ni ngapi na imebaki ngapi. Kwetu kijijini haki yako ilikuwa unamjua nani nyuma ya kaunta. Asiyemjua mtu alikwenda kwa mlanguzi.

Na walanguzi walikuwa na mzigo, msidhani. Machi 1983 serikali ilipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, Sokoine akiwa Waziri Mkuu, nchi nzima watu walianza kutupa vitu usiku ili wasikutwe navyo. Bibi anasema waliamka wakakuta majora ya vitenge kwenye korongo la mto, mengine yameshalowa matope. Watu wamesimama ukingoni na matambara yao mwilini, wanatazama, hakuna anayegusa. Kuokota ilikuwa ni kesi.

Mwaka huo huo mama mkubwa alichaguliwa kwenda sekondari. Enzi hizo kuchaguliwa si mchezo, shule yao yote walipita wawili. Ikaja barua na orodha ya vitu: sare, mashuka mawili, blanketi, viatu. Blanketi alitoa bibi la kwake. Mashuka bibi alishona kwa mifuko ya kitambaa ya unga, maandishi yakakataa kutoka hata kwa kuchemsha. Viatu aliazima kwa binamu. Ikabaki sare. Mita mbili na nusu za kitambaa cha bluu. Babu alizunguka mpaka Ngudu, akaenda mpaka Mwanza mjini, kilipo kiwanda. Hakuna bluu. Kipo cheupe cha sanda, na hicho nacho kwa kibali. Ng'ombe alishauzwa, hela iko mfukoni, kitambaa hakuna.

Mama mkubwa akaenda shuleni hivyo hivyo na lile gauni jekundu. Wakamrudisha, aje akiwa na sare. Walipokipata kitambaa kwa mlanguzi ilikuwa miezi imepita na nafasi ameshapewa mwingine. Nimemwuliza mama, sasa lile gauni? Akasema lilibaki kwake, la peke yake, na Jumapili ya kwanza hakulivaa.

Kwenye vitabu vyetu hii yote ni mstari mmoja: "uhaba wa bidhaa muhimu, 1979 hadi 1984". Nimeusoma mstari huo mara ngapi sijui, na kwenye mtihani nikaupatia alama zote.

Mambo yalianza kubadilika na bajeti ya Juni 1984, pale serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi. Maduka yakaanza kujaa. Mwaka uliofuata Mwalimu akang'atuka, akaingia Mzee Mwinyi, na si bure aliitwa Mzee Rukhsa. Na kwenye rukhsa hiyo ndipo belo za mitumba zikamiminika. Zamani nguo kuukuu za wazungu ziliitwa kafa Ulaya, yaani mwenyewe alishakufa huko. Zilikuwa za kuvaa kwa kujificha. Ghafla kila mtu anavaa, mwalimu wa shule anavaa, mchungaji anavaa. Nani ajifiche kwa nani?

Kinachonichekesha ni kwamba bibi wa bibi huenda alivaa merikani. Lile jina si la bure: karne ya 19 meli za kutoka Salem, Massachusetts, zilileta Zanzibar kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kikapanda na misafara mpaka bara huku Usukumani. Wakati ule Mmarekani alituletea kipya. Sasa anatuletea akishamaliza yeye.

Viwanda vilivyokuwa hoi kwa kukosa vipuri vikakutana na shati la bei ya kutupa, mtaani kabisa. Miaka ya 1990 vingi vikafungwa au kubinafsishwa. Sitaki kusema mtumba peke yake ndio uliviua, wengine hupenda kusema hivyo. Vilikuwa vinaumwa tangu mtumba haujafika. Ila huwezi kusema ulivipelekea uji.

Na mama mkubwa? Mama mkubwa anauza mitumba. Yuko Mlango Mmoja, Mwanza, tangu mimi sijazaliwa. Ndiye aliyeniongezea ada kidato cha tano na cha sita, na nauli yangu ya kuja Mlimani mara ya kwanza ilitoka kwenye belo la mashati ya watoto.

Kwa hiyo mwaka 2016 nyumbani kwetu kulikuwa hakukaliki. Marais wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana Arusha, mwezi Machi, kwamba mitumba ipunguzwe mpaka iishe ifikapo 2019, ili viwanda vyetu vifufuke. Nilikuwa bado shule ya msingi, nakumbuka babu alivyofurahi mezani. Hatimaye pamba yake ingevaliwa hapa hapa! Mama mkubwa akaweka tonge chini, akamwuliza kwa heshima kabisa, "Baba, na hizo shati mpya zitauzwa shilingi ngapi?" Babu hakujibu. Akamwuliza tena, "Na mwaka huo zikikosekana?" Bibi akabadilisha mazungumzo.

Mnajua ilivyoisha. Wauzaji wa nguo kuukuu wa Marekani walipeleka malalamiko serikalini kwao 2017, tukatishiwa kutolewa kwenye AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Kenya ikajitoa mapema, Tanzania na Uganda zikafuata. Rwanda ndiyo iliyokaza: ilishapandisha ushuru kutoka dola 0.20 kwa kilo hadi 2.50, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye huo mpango. Babu alifariki mwaka uliofuata. Tulimzika na koti zuri la sufu ambalo mama mkubwa alilichagua kwenye belo yeye mwenyewe, akalishona vifungo upya usiku kucha.

Nilirudi chuo nikawaambia wenzangu kwamba nabadilisha msimamo. Mimi ndiye niliyekuwa nashikilia kwamba mtumba umekatazwa kwenye kiapo. Sasa sijui nilikuwa namkataza nani. Wao wakasema hapana, umetuharibia, tumeshazoea, hata yule wa sketi ameacha. Tumefika mwezi wa saba na hatujanunua kitu, wote wanne. Hela ya kula inafika siku ishirini na tano, nakiri, si haba.

Ila juzi Ijumaa nilipigiwa simu nikachukue mzigo stendi ya Mbezi. Kutoka Mwanza. Ndani kuna blauzi tatu, sketi moja ndefu na koti jepesi la mvua, zote gredi ya kwanza, zimefuliwa na kupigwa pasi. Na kikaratasi: "Bibi yako kaniambia mmeapa. Usinunue. Hizi nimekupa."

Kesi imesikilizwa jana usiku chumbani. Wawili wanasema kupewa si kununua. Mmoja, yule yule wa sketi, anasema huo ni ujanja wa walanguzi. Hukumu mpaka Jumatano, maana kesho kuna kazi ya kukusanya. Mimi blauzi moja nimeshaivaa kanisani leo asubuhi, misa ya kwanza.

Haya, pasi imeachwa, zamu yangu. Usiku mwema.