Akufaaye kwa Dhiki: Mashabiki wa Ingwe wa Kenya



Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Usemi huu tumeuzoea mno, hata mara nyingi twautamka bila kuupima. Leo, katika mazungumzo yetu juu ya nchi jirani, tutaupima kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, nalo ni mchezo wa kandanda. Tutawatazama mashabiki wa timu ya AFC Leopards ya Nairobi, ambayo wapenzi wake huiita Ingwe, yaani chui.

Ingwe ilitwaa ubingwa wa ligi ya Kenya mwaka 1998. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/2025 ulipomalizika, haikuutwaa tena. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa ubingwa sasa ni mtu mzima, na yamkini ana watoto wake mwenyewe. Hata hivyo, siku Ingwe inaposhuka uwanjani kupambana na Gor Mahia, watu hufurika kana kwamba kombe limerudi nyumbani jana. Je, watu hawa wanapenda nini katika timu isiyowapa ushindi?

Jibu la swali hilo limo katika historia. Timu hii iliundwa tarehe 12 Machi 1964, miezi mitatu kamili baada ya Kenya kupata uhuru. Vilabu vidogo vya Waluhya waliokuwa wakiishi Nairobi viliungana kuwa kimoja. Wengi wa watu hao walikuwa wametoka Kakamega, Bungoma, Busia na kwingineko magharibi mwa nchi kutafuta kazi katika reli, viwandani na majumbani mwa watu. Waliishi mbali na wazee wao, katika mji ambao haukujengwa kwa ajili yao. Siku ya mchezo, katika uwanja wa City ulio kando ya barabara ya Jogoo, walisikia lugha yao, walipashana habari za kwao, na kwa muda wa dakika 90 hawakuwa wageni. Kwa hiyo, tangu mwanzo timu ilikuwa nyumba kabla haijawa mashine ya kutafutia vikombe.

Vikombe navyo vilikuja. Mwaka 1966 timu, iliyojulikana wakati huo kwa jina la Abaluhya, ilitwaa ubingwa wa Kenya. Hizo zilikuwa zama za Joe Kadenge, mshambuliaji ambaye jina lake lilienea Afrika Mashariki kwa njia ya redio. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alikuwa akitamka "Kadenge na mpira", na maneno hayo yakawa msemo wa mitaani hata kwa watu ambao hawakupata kumwona Kadenge kwa macho. Kadenge alifariki mwaka 2019, na mwaka huohuo uwanja wa City ukapewa jina lake.

Mwaka 1980 serikali ya Kenya iliagiza vyama na vilabu viache majina ya kikabila. Abaluhya ikawa AFC Leopards. Wako waliodhani kwamba jina likiondoka, mapenzi nayo yataondoka. Haikuwa hivyo. Timu ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa la Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, mwaka 1982, 1983 na 1984, na wakaanza kuishangilia hata watu wasio na asili ya magharibi mwa Kenya. Kombe hilohilo walikuwa wamelipata mwaka 1979, wakalipata tena mwaka 1997.

Baada ya ubingwa wa 1998 mambo yaligeuka. Ulikuja ugomvi wa viongozi, zikaja fedha zisizoonekana zilikokwenda, kisha madeni. Timu iliporomoka hata ikatoka katika Ligi Kuu, ikarejea mwaka 2009. Ilipata kombe la mtoano mwaka 2013 na tena mwaka 2017, lakini ubingwa wa ligi uliendelea kuwa ndoto. Mwaka 2019 mdhamini mkuu wa Ingwe na Gor Mahia alijitoa, na wachezaji wakaonja miezi ya kukosa mishahara. Hata Shirikisho la Kandanda la Dunia likaizuia Ingwe kusajili wachezaji kwa sababu ya madeni. Katika siku hizo mashabiki walichangishana fedha ndogondogo kwa simu ili timu isafiri na ipate chakula. Hapo ndipo ule usemi wa wahenga ulipopata ushahidi.

Na siku ya mchezo ikifika, dhiki hiyo huwezi kuiona. Mashabiki huvaa buluu na nyeupe, wakaandamana kwa miguu toka katikati ya mji wakiimba. Husikika ngoma za isukuti, zile ngoma tatu za Waisukha na Waidakho wa Kakamega, kubwa, ya kati na ndogo, ambazo uchezaji wake mwaka 2014 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Upande wa pili huja mashabiki wa Gor Mahia katika kijani, wengi wao wakiwa na asili ya Kiluo. Pambano hilo huitwa Mashemeji, kwa sababu Waluo na Waluhya wameoana kwa vizazi vingi. Watu hutaniana kwa maneno makali, na jioni wakakutana katika arusi moja au matanga mamoja.

Ndugu askari, hapa yapo mambo yanayotuhusu sisi tuliovaa sare. Kenya inazo timu za vyombo vya ulinzi na usalama. Ulinzi Stars, timu ya jeshi iliyoundwa mwaka 1995, ilitwaa ubingwa mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010. Timu ya Polisi ilitwaa ubingwa wake wa kwanza mwaka 2025, ikifundishwa na Etienne Ndayiragije wa Burundi, ambaye aliwahi kuinoa timu ya taifa ya Tanzania. Hayo ni matunda ya nidhamu, mazoezi na mishahara inayofika kwa wakati, na wanastahili pongezi. Lakini bingwa huyo hapati umati unaoifuata Ingwe iliyoshindwa. Basi ubingwa ni jambo moja, na kuwa na watu ni jambo jingine. Kikosi nacho ni hivyohivyo. Siku ya gwaride kila mtu hujivunia kikosi chake, lakini moyo wake hujulikana siku chakula kinapochelewa na mvua inaponyesha mahandakini.

Hata hivyo, tusiusifu uaminifu huu bila kuona hatari zake. Hatari ya kwanza ni kwamba mwaminifu ni rahisi kunyonywa. Kiongozi wa klabu akijua kuwa watu watakuja tu, timu ishinde isishinde, anaweza kuona hana haja ya kutoa hesabu ya viingilio vyao. Miaka ya dhiki ya Ingwe haikuletwa na mashabiki wake. Uaminifu ni amana, na kamanda anayeichezea amana ya watu wake huwapoteza kabla adui hajafika.

Hatari ya pili ipo langoni. Tarehe 23 Oktoba 2010, siku ya Mashemeji, watu 7 walipoteza maisha katika msongamano kwenye uwanja wa Nyayo. Hawakuwa wamekwenda vitani. Walikwenda kutazama mpira. Askari wa zamu na ajue kwamba katika msongamano watu wa nyuma hawaoni kinachotokea mbele, na wa mbele hawana pa kurudi. Wengi hufa wangali wamesimama, kwa kukosa pumzi. Rungu halisaidii hapo, na bomu la machozi huongeza maangamizi. Mwaka 2001 mjini Accra, Ghana, zaidi ya watu 120 walikufa baada ya polisi kufyatua mabomu ya machozi uwanjani na umati kukimbilia milango iliyofungwa. Kinachookoa ni milango kufunguliwa mapema, mistari kupangwa mbali na lango, na askari wa nje kuwasiliana na wa ndani.

Kwa hiyo, ndugu msikilizaji, tunapowatazama jirani zetu hawa tusiwacheke kwa kuishangilia timu isiyoshinda. Wanachokilinda ni nyumba ambayo babu zao waliijenga ugenini. Kazi ya viongozi wao ni kustahili mapenzi hayo. Kazi ya askari, kwao na kwetu, ni kuhakikisha kwamba kila aliyeingia uwanjani akiimba, anarudi kwake akiwa hai, awe ameshinda au ameshindwa.