Ukipigiwa simu ya deni usilolijua: jinsi ya kumtambua tapeli

Simu inaingia, namba huijui. Anayeongea anakutaja jina lako, anasema yuko "kitengo cha madeni", unadaiwa 85,000 za mkopo wa mtandaoni, na usipolipa kabla ya saa sita mchana polisi wanakuja kukuchukua. Kisha anakupa namba ya kutuma hela.

Wanaoliwa hapo si wajinga. Watanzania wengi wamewahi kukopa kwa simu, na baadhi bado wanadaiwa kweli. Tapeli anabahatisha tu, woga wako unamalizia kazi.

Muulize: nimekopa wapi, lini, kiasi gani, na kumbukumbu namba ya mkopo ni ipi? Mdai wa kweli anayo yote mbele yake. Tapeli atapandisha sauti au atakurudishia swali: "Kwani wewe hujui ulikopa wapi?" Usimjibu. Ukimtajia jina la programu, dakika mbili baadaye atakuwa afisa wa programu hiyohiyo.

Angalia na hela inaelekea wapi. Ukitaka kutuma, jina la mpokeaji hutokea kabla hujakamilisha muamala. Likiwa jina la mtu binafsi, acha. Deni la Songesha, kwa mfano, hukatwa lenyewe pesa ikiingia kwenye M-Pesa yako, hakuna afisa wa kukuomba umtumie. Na hata kama kweli unadaiwa, hela uliyompa tapeli haipunguzi deni hata shilingi moja.

Akikuomba PIN au tarakimu zilizoingia kwa meseji, hapo hatafuti marejesho tena. Anafungua akaunti yako. Kata simu.

"Wewe ndiye mdhamini wake"

Hii ndiyo inayowachanganya watu zaidi. Unaambiwa shemeji yako au mfanyakazi mwenzako amekopa na kukuandika mdhamini, kwa hiyo ulipe wewe. Jina ni la kweli, mnafahamiana kweli, unaanza kuamini.

Chanzo mara nyingi ni programu za mikopo zinazoomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu ya mkopaji. Namba yako imo humo, basi. Kuwa kwenye simu ya mtu si udhamini. Mdhamini ni aliyekubali mwenyewe, na mdai lazima aonyeshe ulipokubali. Mpigie huyo ndugu kwanza, hata kama ni aibu kuuliza.

Kama ni mkopeshaji wa kweli anayekusumbua hivyo, ana lake la kujibu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu namba yako pia, na malalamiko yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu na majukwaa 69 ya mikopo yaliyokuwa yakifanya kazi bila leseni. Lakini jina kuwa na leseni halitoshi, maana tapeli anaweza kuliazima. Kata simu, halafu piga mwenyewe kwa namba iliyo kwenye mkataba wako.

Kuhusu vitisho vya polisi: deni la kawaida ni kesi ya madai, si jinai. Mdai anakwenda mahakamani. Polisi hawakusanyi marejesho kwa simu.

Kuna jambo moja la kuhakikisha hata ukijua hujakopa. Piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Ukikuta laini usiyoitambua, nenda kwenye duka la mtandao husika ikafutwe, maana inaweza kutumika kukopa kwa jina lako.

Meseji ya kitapeli usiifute. Isambaze kwenda 15040 pamoja na namba iliyoituma.

Umeshatuma hela? Piga 100 saa hiyohiyo, usisubiri kesho, kwa sababu ikishatolewa kwa wakala ni vigumu kuipata. Tunza meseji ya muamala, nenda kituo cha polisi uchukue RB. Na huyohuyo, au mwenzake, akipiga tena wiki ijayo akisema anaweza kukurudishia hela yako kwa ada kidogo, usipokee.