Baiskeli Moja ya Kubaki Nayo

Arusha ya leo ina swali ambalo mkulima wa Poli au Ilkiding'a wa mwaka 1955 asingelielewa. Mtu anahama nyumba, au amechoshwa na stoo iliyojaa vitu, anakuta ana baiskeli tatu: ya gea iliyokuja kutoka Ulaya ikiwa mtumba, ya mashindano yenye tairi nyembamba aliyoinunua siku za ari ya mazoezi, na Phoenix nyeusi aliyoachiwa na baba yake. Anataka kubaki na moja. Kwa kawaida atazipima kwa wepesi, kwa mwendo, pengine kwa bei atakayoipata akiziuza. Hoja yangu ni kwamba vipimo hivyo ni vya mtu mwenye baiskeli nyingi. Kwa miongo mingi kaya ya Mlima Meru iliyobahatika kuwa na baiskeli ilikuwa nayo moja tu, na aliyetaka idumu aliipima kwa mambo mawili: fundi wa karibu ataitengeneza kwa vifaa gani, na keria itabeba nini. Anayetaka kubaki na moja awaulize waliowahi kuishi na moja.

Ardhi yenyewe ndiyo shahidi wa kwanza. Mji ulikua kuzunguka boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1899 na 1900, katika mwinuko wa mita 1,400 hivi, na mashamba ya Wameru na Waarusha yamepanda mlimani hadi ukingoni mwa msitu. Migomba, kahawa na ng'ombe wa maziwa viko juu. Barabara, maduka, magulio na reli iliyofika kutoka Moshi mwaka 1929 viko chini. Kwa hiyo mzigo mzito unateremka na mwenye mzigo anarudi akipanda. Mikungu ya ndizi inashuka Tengeru siku za gulio, Jumatano na Jumamosi, na jioni baiskeli inasukumwa kurudi ikiwa na chumvi, sukari na mafuta ya taa. Mgeni akiona baiskeli isiyo na gea ikisukumwa mlimani huona kwamba chombo kimekosea mahali. Hesabu ya mkulima ilikuwa nyingine kabisa. Mikungu miwili mtu hawezi kuibeba kichwani kwa kilometa nane. Baiskeli inaweza, hata kama yeye mwenyewe anatembea kando yake kwenda na kurudi. Katika hesabu hiyo kupanda hakukuwa tatizo kubwa. Tatizo lilikuwa breki wakati wa kushuka, hasa masika, wakati vumbi la volkano limegeuka utelezi na mipira ya breki imelowa, na kijana anajikuta akikandamiza soli ya ndara kwenye tairi la mbele ili asifike Tengeru kabla ya siku yake.

Baiskeli zilizofika wakati wa Waingereza zilikuwa Raleigh za Nottingham, BSA na Hercules za Birmingham. Bei yake ilikuwa mshahara wa kibarua wa miezi kadhaa, na katika nchi za kahawa kama Meru na Kilimanjaro fedha ya msimu ndiyo iliyoweza kuifikia. Baada ya uhuru zikaja za Kichina na za Kihindi, Phoenix ya Shanghai ikiwa mashuhuri kuliko zote, na kiwanda cha umma cha NABICO jijini Dar es Salaam kikatoa za Swala. Ukiisoma historia hii kwa majina ya chapa utadhani mambo yalibadilika sana. Yasome kwa jicho la fundi utaona karibu hakuna kilichobadilika. Wachina na Wahindi waliiga umbo lile lile la Kiingereza: fremu ya chuma, tairi la 28 kwa 1½, breki za vyuma virefu visivyo na waya, mikono ya pedeli iliyobanwa kwa kotapini. Tairi la Raleigh ya babu lilivaa kwenye rimu ya Phoenix ya mwana. Kwa miaka mingi fundi wa Usa River alihitaji kujua baiskeli moja tu, hata kama zilizoletwa kwake zilikuwa na nembo tano tofauti.

Tazama kazi yake kwa karibu. Chini ya mti kuna beseni la maji. Tyubu inajazwa upepo, inazamishwa kipande kwa kipande, na mapovu yanaonyesha tundu lilipo. Mahali hapo panasuguliwa kwa msasa, panapakwa solusheni, inapulizwa mara mbili tatu ili ikauke, kisha kinawekwa kiraka kilichokatwa kwenye tyubu nyingine iliyokufa. Kotapini iliyolegea inatolewa kwa nyundo na kurudishwa kwa nyundo. Gololi zilizolika zinabadilishwa moja moja, si seti nzima. Spoku inakazwa kwa kuisikiliza inavyolia ikiguswa. Vifaa vyote vinaingia kwenye kopo moja la mafuta ya kupikia. Halafu kuna kazi ambayo kiwanda cha Uingereza hakikuiwaza: keria ya kiwandani inaondolewa na kuwekwa ya nondo iliyochomelewa, uma wa mbele unaongezewa mihimili miwili, na mpira mrefu uliokatwa kwenye tyubu ya lori unazungushwa nyuma kwa ajili ya kufungia mzigo. Baiskeli inayotoka hapo si ile iliyotoka dukani. Ndiyo maana nasema chaguo la baiskeli moja halikuwa la mwendeshaji peke yake. Fundi alikuwa na kura, na mara nyingi kura yake ilishinda.

Hapa msomaji makini atapinga, na ana haki. Atasema hawa watu hawakuchagua kitu. Walipewa kilichokuwapo. Na Arusha ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kujidai kwamba uchache ulikuwa hekima, maana hapa ndipo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokutana Januari 1967, na tarehe 5 Februari Azimio la Arusha likatangazwa. Miiko ya uongozi iliyomo ndani yake ilikataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, hisa katika makampuni, au nyumba ya kupangisha. Baiskeli haikutajwa (hata gari halikutajwa), lakini uchumi uliofuata ulimfanya mwananchi wa kawaida apunguze vitu zaidi ya kiongozi. Biashara ya nje ilikuwa mikononi mwa Shirika la Biashara la Taifa, kisha kuanzia mwaka 1973 kampuni za biashara za mikoa zikapewa kazi ya kugawa bidhaa. Mpaka na Kenya ulifungwa Februari 1977 na kufunguliwa Novemba 1983, na kwa mji ulio kwenye njia ya Namanga huo ulikuwa mlango muhimu uliopigwa komeo. Katikati vikaja vita vya Kagera. Tairi na tyubu za baiskeli zikawa bidhaa adimu, katika mji ambao kiwanda chake cha General Tyre kilitengeneza matairi ya magari. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, kuwa na tairi nyingi mpya stoo kulihitaji maelezo. Mtu aliyebaki na baiskeli moja miaka hiyo hakuwa mwanafalsafa.

Nakubali yote hayo, isipokuwa hitimisho lake. Kama uchache ndio uliokuwa unaamua, basi uchache ulipoondoka chaguo lingebadilika. Na uliondoka. Bajeti ya mwaka 1984 iliruhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao za kigeni, na chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi milango ikafunguka zaidi. Baiskeli za mtumba zikaanza kumwagika kutoka nje: za gea, nyepesi, za rangi, nyingine zenye shokapu mbele na nyuma. Kwa mara ya kwanza mtu wa Ngaramtoni aliweza kuzipanga mbele yake na kuamua. Vijana wa mjini walizipenda, na walikuwa na sababu. Lakini baiskeli nyeusi haikufa. Za Kichina na za Kihindi ziliendelea kununuliwa mpya na watu waliokuwa na uhuru wa kununua nyingine. Jambo linalonivutia zaidi ni kilichozipata nyingi kati ya zile za gea: kifaa cha kuhamisha mnyororo kikishapinda, na waya wake kukatika, fundi hukitoa, anafupisha mnyororo na kuiacha na gea moja. Shokapu ikivuja hubanwa isicheze. Taratibu, kipande kwa kipande, baiskeli ya Ulaya inarudishwa kwenye umbo la Phoenix. Huo ndio ushahidi wangu mkubwa, kwa sababu hakuna sera iliyoulazimisha.

Pingamizi la mlima ni zito zaidi, na sitalimaliza. Anayeishi Ilboru au Sekei na kufanya kazi mjini habebi mikungu ya ndizi. Anajibeba yeye, na kila jioni anapanda. Phoenix ina uzito wa kilo 20 hivi kabla hujaweka kitu. Kumwambia huyu aisukume kila siku kwa heshima ya historia ni kumwonea. Gea zina maana kwake. Lakini angalia historia inamzuia nini hasa: haimzuii gea, inamzuia gea ambazo vipuri vyake havipo sokoni Kilombero wala kwa fundi wa mtaani. Baiskeli ya chuma ya inchi 26, yenye gea chache za kawaida na breki za waya zisizo na mafuta, siku hizi ina vipuri karibu kila mahali Arusha, kwa sababu zimekuwa nyingi. Imefikia hadhi ambayo ile ya tairi la 28 ilikuwa nayo miaka ya 1960. Ile ya alumini yenye breki za mafuta haijaifikia, na huenda isiifikie kwa muda mrefu.

Kuna pingamizi ambalo watetezi wa baiskeli nyeusi hulikwepa. Baiskeli moja ya kaya ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya baba, na baadaye ya kijana wa kiume. Chuma cha juu cha fremu kiliwafungia nje wanawake waliovaa gauni au kanga, na ukubwa wa tairi ukawafungia nje watoto. Mradi wa uchukuzi vijijini uliofanyika Makete kuanzia miaka ya 1980 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya mizigo ya kijijini ilikuwa vichwani mwa wanawake, na yeyote aliyewahi kukaa kando ya barabara ya Tengeru siku ya gulio hahitaji kusomewa ripoti. Kwa hiyo kaya ya Meru ilikuwa na chombo cha kubebea mizigo, na mbeba mizigo mkuu hakukitumia. Hilo ni kosa la historia hii, na anayechagua leo asilirithi. Kama nyumba ina watu wanne, baiskeli ya kubaki ni ile ambayo angalau watatu wanaweza kuipanda. Baiskeli ya kike, yenye fremu iliyoshuka katikati, imedharauliwa na wanaume bila sababu ya maana: hubeba, hutengenezeka, na mzee mwenye goti bovu huipanda vilevile.

Arusha imeshatoa somo jingine kuhusu chombo kimoja chenye kazi nyingi. Bernard Kiwia, aliyewahi kuwa fundi baiskeli na baadaye akashiriki kuanzisha karakana ya ubunifu ya Twende, alitengeneza vifaa vinavyoendeshwa kwa pedeli, kikiwamo cha kuchaji simu. Kuanzia mwaka 2009 kampuni ya Global Cycle Solutions, iliyoanzishwa hapo Arusha na Mmarekani Jodie Wu, iliuza mashine ya kupukuchulia mahindi inayofungwa kwenye baiskeli. Wazo la kupukuchua kwa pedeli lilikuwapo Guatemala, ambako kikundi cha Maya Pedal kilitumia baiskeli nzima kutengeneza mashine ya kudumu. Huku Meru hilo lisingekubalika. Mkulima mwenye baiskeli moja hawezi kuigeuza mashine, maana kesho ni siku ya gulio. Kwa hiyo mashine ikafanywa ya kufunga na kufungua: mavuno yakiisha, inashuka, na baiskeli inarudi barabarani. Mbunifu ambaye hakujua kwamba baiskeli ni moja asingefika hapo.

Bodaboda zimechukua abiria na mizigo mingi tangu miaka ya 2000, na sioni haja ya kubishana nazo. Baiskeli haipandi Ilkiding'a kwa dakika kumi. Lakini pikipiki iliyokosa mafuta hulala, na swali letu lilikuwa la mtu anayepunguza vitu, si anayeongeza.

Basi hukumu yangu ni hii. Kama unakaa Njiro, Unga Limited au kando ya barabara ya Usa River, palipo na nafuu ya mteremko, na Phoenix yako ina rimu nzima, bakiza hiyo. Kama unakaa Sekei, Ilboru au Sakina ya juu, bakiza ile ya chuma yenye gea chache, uifungie keria ya nondo kabla ya mwezi kuisha. Ya mashindano iuze kwa mtu wa mashindano. Ile ya tatu usimuuzie wa chuma chakavu: mpelekee fundi wa mtaani kwako. Ataivua gololi, spoku na tyubu, na siku baiskeli yako ikipata pancha hatakuambia usubiri mzigo kutoka Dar es Salaam.