Doa la Mafuta Lina Historia, na Anayelitoa Ana Bei Yake

Kuna vidio flani fupi ambazo haziwezi kukosa kwenye simu yako wiki ipite. Mtu ameangusha mafuta ya chipo kwenye blauzi ya hariri, anainyunyizia unga, anapaka sabuni ya vyombo, anasuuza, doa halipo. Watu wanashangilia: "Siri mpya! Mbona hatukuambiwa?" Manze, mpya kwa nani? Hapa Voi kuna wamama wanaofulia watu kule Sofia, Kaloleni na Mwakingali ambao wamefanya hivyo miaka kibao, na hakuna aliyewahi kuwapigia makofi.

Leo nataka tuongee historia ya doa la mafuta. Msicheke. Hilo doa moja limepita papa hapa Taita Taveta, na ukilifuata vizuri unaona jambo moja likijirudia: mmoja anatoa jasho, mwingine anachukua sifa.

Tuanze na swali rahisi. Mafuta yalianza lini kuwa doa? Wazee wetu kabla ya pamba kuenea walivaa ngozi, na ngozi bila mafuta inakauka na kupasuka. Kwa hivyo kupaka vazi mafuta ndiyo ilikuwa njia ya kulitunza. Halafu karne ya 19 misafara ya biashara ikawa inapanda kutoka Mombasa, inapita Taita, inapumzika Taveta, ikielekea Kilimanjaro. Mizigo yao ilikuwa shanga, waya na kitambaa kinachoitwa merikani. Jina linajieleza: kilifumwa Marekani na kuletwa Zanzibar na meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Mwaka 1833 Marekani na Sayyid Said walitia saini mkataba wa biashara, na kitambaa hicho kikazagaa hadi kikawa kama pesa.

Baadaye misheni zikaja: Waanglikana wa CMS Sagalla mwaka 1883, Wakatoliki Bura mwaka 1892. Na misheni ilikuja na shule, nguo nyeupe na sabuni. Hapo ndipo mambo yaligeuka. Mafuta ni yaleyale, lakini kwenye ngozi yalikuwa matunzo na kwenye pamba nyeupe yakawa uchafu. Na aliyekuwa na doa akaanza kuonekana hajastaarabika.

Kisha ikaja reli, na reli ndiyo iliyoifanya Voi kuwa mji wa grisi. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896, na kufikia 1898 ulikuwa umeshapita Voi na kufika Tsavo, pale simba walipojulikana dunia nzima. Simba wanajulikana, lakini wafanyakazi zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka India kujenga hiyo reli, nani anawakumbuka? Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, Wajerumani waliteka Taveta Agosti 1914, na Waingereza wakaanza kujenga reli nyingine kutoka Voi kupitia Maktau ili wawafikie. Ukienda Maktau leo utakuta makaburi ya wanajeshi Wahindi waliokufa huko.

Lugha imehifadhi kitu ambacho sanamu hazikuhifadhi. Watu wa India wametuachia maneno tunayotumia kila siku: gari, chapati, na dobi. Kwa Kihindi dhobi ni mtu wa kufua, na huko kwao ilikuwa tabaka la watu waliozaliwa katika kazi hiyo na kudharauliwa kwa sababu ya kazi hiyo. Neno lilivuka bahari likakaa kwenye Kiswahili. Naona dharau pia ilivuka nalo.

Sasa tuje kwa sabuni. Mafuta na maji hayachanganyiki, hilo tulifunzwa darasani. Sabuni inaingia kati kwa sababu kila chembe yake ina ncha mbili: moja inapenda maji, nyingine inapenda mafuta. Ile ya pili inalishika doa, ile ya kwanza inavutwa na maji, doa linang'oka. Cha ajabu ni kwamba sabuni ya kipande yenyewe hutengenezwa kwa mafuta yaliyopikwa na soda kali (caustic soda). Mafuta yanatolewa kwa mafuta!

Na hayo mafuta yalitoka wapi? Mwingereza William Lever alianza kuuza sabuni ya Sunlight mwaka 1884. Mwaka 1900 akatoa Lux, vipande vyembamba vya kufulia nguo laini kama hariri na sufu. Ndiyo, Lux unayoogea ilianza kama sabuni ya karai. Biashara ilipokua alihitaji mawese mengi, na mwaka 1911 serikali ya Ubelgiji ikampa maeneo makubwa ya michikichi Kongo. Watu walilazimishwa kupanda michikichi na kukata ngazi za mawese kwa malipo duni. Mwaka 1931 Wapende wa Kwango waliasi, wakichoshwa na kodi na malipo yaliyozidi kushuka, na wanajeshi wa kikoloni wakaua mamia yao. Kwa hivyo mtu huko London alikuwa anaosha blauzi yake ya hariri ikang'aa, na doa lilikuwa limehamia kwa mtu mwingine.

Lakini kuna stori moja inayonipa moyo. New York, mwaka 1821, fundi wa nguo Mweusi anayeitwa Thomas Jennings alipata hataza ya njia ya kusafisha nguo ambazo maji ya kawaida yangeziharibu. Wanahistoria wanamtaja kuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata hataza. Wakati huo utumwa ulikuwa bado halali huko, na mke wake alikuwa amezaliwa utumwani. Pesa alizopata alizitumia kununua uhuru wa watu wa familia yake na kusaidia harakati za kupinga utumwa. Mwaka 1854 binti yake, Elizabeth, alitolewa kwa nguvu kwenye gari la abiria kwa sababu ya rangi yake, akashtaki kampuni na akashinda kesi. Maelezo ya ile njia yenyewe yaliteketea kwenye moto mwaka 1836, hatujui alikuwa akitumia nini. Tunachojua ni kwamba ujuzi wa kutoa madoa, ulipotambuliwa rasmi, ulitosha kununua uhuru wa binadamu.

Sasa linganisha na mtaani kwetu. Kuna mama jirani anafulia watu. Mteja mmoja alimpa blauzi ya shifoni ikiwa na doa la mafuta ambalo tayari lilikuwa limepigwa pasi. Doa halikutoka lote. Mteja akakata pesa ya siku nzima, eti "umeharibu." Mama alijua kabisa kwamba pasi ndiyo iliyoharibu, akaeleza, hakusikizwa. Nani atamwamini dobi kuhusu nguo?

Hebu ona anachojua huyo mama. Doa likiwa bichi halisuguliwi, linakandamizwa kwa kitambaa kikavu, kwa sababu ukisugua unasukuma mafuta ndani na kuchana nyuzi. Halafu unga wa mahindi au poda ya mtoto inakaa juu kama nusu saa ifyonze. Kisha tone la sabuni ya vyombo, baada ya kujaribu kwanza kwenye pindo la ndani kuona kama rangi inatoka. Maji ya uvuguvugu au baridi, kwa upole, bila kukamua kwa kusokota. Hariri na sufu haziguswi na sabuni kali ya unga, kwa sababu nyingi zina kemikali za kula protini kama damu na yai, na hariri yenyewe ni protini. Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, sabuni ya kipande haitoi povu vizuri na inaacha utando. Anika kivulini. Na usipige pasi hadi uhakikishe doa limeisha, kwa sababu joto linaligandisha humo. Zile stori za petroli ya gereji wacha kabisa, utajichoma.

Hiyo ni sayansi ya vitambaa, ya sabuni na ya maji. Tofauti ya mama huyu na Jennings ni karatasi tu.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na mkitaka mnitukane. Ukimpa mtu nguo laini, mwambie mapema doa ni la nini na limekaa siku ngapi. Kubalianeni bei ya nguo laini kando, isiwe bei moja na jinzi. Kama doa lilipigwa pasi kwako, usimkate pesa yake. Na ukirekodi vidio ya "siri mpya" uliyofunzwa na mama wa kufua, sema umefunzwa na nani, kisha umtumie kitu kwa simu. Amekufunza kazi yake, na kazi hulipwa.