Kidude alikuwa na jina lake

LAWRENCE HEIGHTS, TORONTO – Mtaa huu una jina la kwenye makaratasi na jina la barabarani. La kwenye makaratasi ni Lawrence Heights. La barabarani ni Jungle, yaani msituni. Vijana waliozaliwa hapa hulitamka kwa majigambo, na watu wa nje hulitamka kwa woga.

Ulijengwa kwa fedha za umma kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, nyumba zaidi ya 1,200 za kupangishwa kwa watu wa kipato kidogo. Muongo uliofuata barabara kuu ya Allen ikaupasua katikati. Barabara hiyo ilikusudiwa kufika hadi katikati ya jiji, lakini wakazi wa mitaa ya kusini walipiga kelele, na mwaka 1971 serikali ya jimbo la Ontario ikausimamisha mradi. Mitaa yao ikapona. Lawrence Heights ulikuwa umeshapasuliwa. Habari hiyo si wengi wanaoijua, ila jina la Jungle kila mtu analijua.

Wamo humu watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, na kila nikilisikia jina hilo hunijia mwanamke mmoja wa Unguja ambaye dunia ilimjua kwa lakabu, sigara na chupa ya bia. Alizaliwa katika kijiji cha Mfagimaringo akaitwa Fatuma binti Baraka. Kwa kuwa alikuwa kichanga kidogo mno, akapachikwa Kidude: kijikitu tu, kisichojulikana ni kitu gani. Lakabu ikala jina.

Umri wa rupia

Bi Kidude hakuujua mwaka wake wa kuzaliwa. Alisema alizaliwa zama za rupia. Jibu hilo lina utamu wake, lakini halimsaidii mwanahistoria, kwani Zanzibar iliendelea kutumia rupia mpaka mwisho wa 1935. Wengi wanakadiria alizaliwa miaka ya 1910, baba yake akiwa mchuuzi wa nazi.

Mengine tunayajua kwa kusimulia kwake. Alitoroka chuoni. Alikimbia ndoa asiyoitaka. Alivuka kwenda bara na kuzunguka kwa miguu, peku. Alirudi akaishi Ng'ambo, upande wa mji wa Zanzibar walikokaa watu wa kazi na wajukuu wa watumwa, akipika dawa za miti shamba, akiuza hina, akiwafunda wanawali. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyokuwa kazi yake hasa. Katika unyago alijifunga ngoma ndefu ya msondo kiunoni kwa kanga, akaipiga huku akiimba, na wasichana wakafundwa mambo ya mwili na ya ndoa ambayo hayasemwi mbele ya wanaume.

Uimbaji wa taarabu aliuokota kwa Siti binti Saad. Taarabu ilikuwa muziki wa ikulu tangu enzi za Sultani Barghash, ukiimbwa kwa Kiarabu. Siti, binti wa Fumba aliyezaliwa mwaka 1880 katika ukoo wa watumwa, aliushusha mitaani na kuuimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri. Yeye aliimba amejifunika. Bi Kidude alilivua buibui, akaimba uso wazi.

Kalamu na kamera

Waswahili hawakungoja kamera ndipo wajue kusimulia maisha ya mwimbaji. Shaaban Robert aliandika *Wasifu wa Siti binti Saad*, na katika kitabu hicho Siti ni mtu wa heshima, mfano wa kuigwa. Kalamu ya Shaaban Robert ilikuwa na adabu: ilimsitiri mhusika wake.

Kamera haina adabu hiyo. Mwaka 2005 Bi Kidude alipewa tuzo ya muziki ya WOMEX, na mwaka uliofuata ikatoka filamu ya Mwingereza Andy Jones, *As Old as My Tongue*, ambayo jina lake linamfanya kikongwe huyu rika la ulimi wake. Ndani yake Bi Kidude anavuta sigara, anakunywa, anacheka, anapiga ngoma. Kwa watazamaji wa Ulaya ilikuwa burudani isiyo na mfano: bibi wa Kiislamu, mwenye miaka tisini na ushei, ana sigara mkononi na bia mezani. Kwao Zanzibar ni misikiti na vichochoro, na huyu alikuwa kama kaivunja picha hiyo kwa makusudi.

Unguja hapakuwa na jipya la kustaajabia. Wako waliomlaumu, na wako waliosema mkubwa yule, aachwe. Lakini hata wenye kulaumu walimwita alipotakiwa mpigaji msondo, na Ngome Kongwe palijaa kila alipopanda jukwaani katika tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004. Watu wa kwao walizijua kazi zake kabla ya kuziona sigara zake. Mgeni alianza na sigara, na wengine hawakufika mbali zaidi ya hapo.

Mwingine wa chupa

Waairishi nao wana mwimbaji wao wa chupa. Shane MacGowan, mwimbaji na mtunzi wa kundi la The Pogues, alizaliwa Uingereza siku ya Krismasi mwaka 1957 kwa wazazi Waairishi. Mwaka 1982, yeye na wenzake jijini London walichukua nyimbo za wazee wa Ireland wakazichanganya na fujo za punk. Mwaka 1991 wenzake walimtoa kundini wakiwa ziarani Japani, pombe ikiwa imemzidi. Filamu ya Julien Temple, *Crock of Gold*, ya mwaka 2020, inamkuta akiwa kwenye kiti cha magurudumu, maneno yakimtoka kwa taabu. Alifariki tarehe 30 Novemba 2023.

Ingekuwa rahisi Temple aishie kwenye glasi. Lakini anarudi Tipperary, kwenye nyumba ya ukoo wa mama yake MacGowan, ambako mtoto Shane alisikia nyimbo hizo kwa mara ya kwanza, na ambako pia alionjeshwa pombe angali mdogo. Nyimbo na pombe zilitoka mlango mmoja. Ukilijua hilo, huwezi tena kumwita mlevi aliyebahatika kuimba. Na ulevi wenyewe hauwi pambo, maana filamu haifichi ulichomfanya.

Hapa ndipo wanapoachana na Bi Kidude. Pombe ilimla MacGowan. Bi Kidude aliimba mpaka akapita rika lake lote. Kuwaweka kapu moja kwa sababu ya chupa ni kama kuwaita watu wawili ndugu kwa kuwa wamevaa kofia za rangi moja.

Kilichobaki nje ya picha

Mwaka 2012 zilivuma habari kwamba Bi Kidude katekwa, huku jamaa yake akisema anamtunza kwa sababu ni mgonjwa na amechoka kutumiwa na watu. Jones alirudi na kamera kutafuta ukweli, akatengeneza filamu ya pili, *I Shot Bi Kidude*. Bibi alifariki Bububu tarehe 17 Aprili 2013. Filamu mbili, na bado yale aliyowafundisha wanawali mamia kwa mamia hayamo, kwa kuwa si ya kuonyeshwa. Sehemu kubwa ya maisha yake imebaki kwa wanawake waliofundwa naye.

Siku hizi Lawrence Heights unabomolewa na kujengwa upya awamu kwa awamu, kwa mpango ambao jiji lilianza kuupitisha mwaka 2010. Nyumba za zamani zikiisha, Jungle litabaki jina bila mahali. Bibi zetu waliomo humu, waliofundwa Mombasa au Unguja, waliopiga vigelegele na kuimba katika harusi za huko, hakuna kamera ya Mwingereza inayowajia. Hawaihitaji. Shaaban Robert hakuwa na kamera. Alimwendea Siti akamsikiliza, na Siti alipofariki mwaka 1950, alikuwa ameshaulizwa.