p16: Protini inayotabiri, na kosa la kuisikiliza nusunusu

Wadau, kwa miaka mingi mtu akiambiwa ana saratani ya koo, swali la kwanza lilikuwa: unavuta sigara? La pili: na pombe je? Lakini wapo wagonjwa waliowachanganya madaktari. Hawavuti, hawanywi, na bado uvimbe upo kwenye tonsi au kwenye shina la ulimi. Ajabu zaidi, wengi wao walipona.

Jibu lilikuja vipandevipande. Mwaka 1983 Mjerumani Harald zur Hausen na wenzake walitambua virusi vya HPV aina ya 16 kwenye saratani ya mlango wa kizazi, kazi iliyompa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Mwaka 1993 watafiti wa Cold Spring Harbor, Marekani, wakatangaza protini ya p16, ambayo ni breki: huzuia seli isigawanyike ovyo.

Vitu hivi viwili vinakutana hivi. Virusi vikiingia kwenye seli huharibu protini nyingine, Rb, ambayo ndiyo waya wa breki hiyo na ndiyo pia huzuia p16 isizidi. Waya ukikatika, seli inakanyaga breki kwa nguvu zote, p16 inarundikana, na gari halisimami. Kwa hiyo maabara wakipaka rangi maalumu kipande cha uvimbe wa sehemu hiyo na kukuta p16 imejaa, wanashuku HPV.

Mwaka 2000 Maura Gillison na wenzake walionyesha kwamba saratani ya koo yenye HPV ni ugonjwa wa aina yake. Mwaka 2010 timu ya Kian Ang ikatoa takwimu zilizotikisa wengi: baada ya miaka 3, wagonjwa wenye HPV waliokuwa hai ni asilimia 82.4, wasio nayo asilimia 57.1. Wenye p16 nyingi nao walifanya vizuri zaidi. Toleo la 8 la mwongozo wa Marekani wa kupanga hatua za saratani, lililoanza kutumika 2018, likawatenga wenye p16 katika kundi lao.

Hapo ndipo kishawishi kilipoingia. Mionzi pamoja na dawa ya sisplatini inaweza kumwachia mtu mdomo mkavu, masikio mazito na shida ya kumeza. Kama hawa wanapona, kwa nini tusiwapunguzie? Majaribio mawili makubwa yakabadilisha sisplatini kwa setuksimabu, iliyotarajiwa kuwa nyepesi. Majibu yalitoka 2018. Katika moja, lililofanyika Ulaya, baada ya miaka 2 walikuwa hai asilimia 97.5 ya waliopewa sisplatini, na asilimia 89.4 ya waliopewa setuksimabu. Na madhara makali hayakupungua.

Tuelewane: protini haikudanganya. Ilisema wengi watapona, lakini wale waliohesabiwa mwaka 2010 walipona wakiwa wamepewa mionzi na sisplatini. Kutabiri mwisho wa safari si ruhusa ya kupunguza mafuta njiani.

Mwaka 2023 utafiti mwingine mkubwa ukaongeza tahadhari: kwa takriban wagonjwa 9 katika kila 100, kipimo cha p16 na kile cha HPV havikukubaliana, na hao hawakufanya vizuri kama wale ambao vipimo vyote viwili vilikubali. Shahidi mmoja hatoshi, hasa kesi ikiwa ni uhai wa mtu.